Mazoezi ya Dirishani

Nilikosea, na ni bora niseme mapema kabla hujaniamini sana. Mara ya kwanza kuisimulia habari hii, kwenye matanga pale Bujonde, nilianzia kwenye goti la Tomasi. Watu wakacheka mpaka aliyekuwa anachochea moto akausahau ukazimika, nami nikaona raha, nikazidi kunogesha. Nilipomfikia mzee aliyelala ndani, walikuwa wameshazoea kucheka, wakamcheka na yeye. Sikukusudia hivyo. Lakini nitaanzia tena kwenye goti, maana kila mtu katika habari hii alianzia kwenye goti, na hilo ndilo lililotuponza.

Tomasi ni mshambuliaji wa timu ya mjini Kyela. Mbio anazo, mdomo anao, na msimu ule goti lilikuwa limemgomea. Akapelekwa kwa Kisa, ambaye alikuwa amepanga chumba kimoja jirani na ghala la wanunuzi wa kakao. Ukiingia pale unapokelewa na harufu ya kakao iliyochacha, halafu kitanda, mpira mkubwa wa kukalia, mikanda ya raba, na Kisa mwenyewe, mwanamke mfupi asiye na haraka. Alisomea mazoezi ya tiba, fiziotherapia kama wanavyoiita chuoni. Mtaani waliona neno refu, wakalikata: Fizio.

Kisa alikuwa na sharti lake. Hatibu watu kwa mafungu. Mnakuja kumi, tisa wanakaa nje kwenye benchi, mmoja anaingia na mlango unafungwa.

"Shuka taratibu kwa mguu huo mmoja," alimwambia Tomasi.

Tomasi akashuka. Akaona Kisa anamkodolea macho usoni.

"Dada, goti liko huku chini."

"Nalijua lilipo. Ila goti halisemi. Uso wako ndio unanijibu. Endelea."

"Naendelea."

"Hapo. Hapo panauma."

"Sijasema kitu mimi."

"Mdomo haujasema. Jicho limesema. Simama." Akamgonga ubavuni mwa nyonga kwa kidole. "Goti lako ni zima. Huku juu ndiko kuna mvivu. Nyonga ikilegea, goti ndilo linalopigwa. Tutaifanyisha kazi nyonga, goti litanyamaza lenyewe."

Ikawa hivyo. Tomasi alirudi uwanjani anaruka juu kuliko alivyokuwa akiruka kabla ya kuumia, akawafunga watu wa Tukuyu kwa kichwa, na jioni ile jina la Kisa lilitajwa kwenye vijiwe kuliko la kocha. Wachezaji wakaanza kumiminika. Mmoja wao, kiungo, aliitwa Andrea. Huyo Kisa alimwita Namba Nane. Wenzake walidhani ni utani wa mpira, wakaupenda, siku hizi hata mama yake anamwita Namba Nane. Haukuwa utani. Baba mkwe wake Kisa ni Mzee Andrea, na jina la baba mkwe halitoki kinywani mwa mkamwana.

Najua utasema siku hizi watu wamebadilika. Wamebadilika, ndiyo. Wapo wakamwana wanaowasalimia wakwe zao kwa mkono na kupiga nao picha za harusi. Mzee Andrea hakuwa wa hao. Alikuwa mzee wa kanisa, pombe hanywi, matambiko hayajui, lakini hilo moja la wazazi wake alilishika. Kisa akisikia kikohozi chake njiani anaingia kwenye mikakao na kujifunika kanga mpaka mzee apite. Mzee naye alikohoa makusudi, tena mapema, ili binti asikimbie kwa kushtuka. Tangu aolewe hajawahi kumtazama sawasawa usoni.

Na usidhani ni chuki. Mwaka wa mwisho wa chuo, ada ilipokwama, kakao ya mzee ndiyo iliyolipa. Akipata samaki mzuri, mbasa mnene wa ziwani, anamwambia mkewe, Neli, "Kichwa mpelekee yule." Yule ndiye Kisa. Heshima ya mzee ilikuwa hiyo: kichwa cha mbasa kinapita mlango wa nyuma, na yeye mwenyewe anageukia upande mwingine.

Mvua za masika zilimkuta mzee kwenye jaruba lake la mpunga. Akateleza kwenye kingo, akaangukia ubavu. Akainuka, akajichekea mwenyewe, akaegemea jembe mpaka nyumbani. Asubuhi mguu ukakataa kukanyaga. Zahanati wakampa vidonge vya maumivu na kumwelekeza akapige picha ya mfupa hospitali.

"Picha ya nini?" mzee alisema. "Nimeangukia tope, sikuanguka darini."

Jikoni kwa Neli, watu upande huu na sufuria upande ule, mambo yakajadiliwa. Aliko, mume wa Kisa, alikuwa ametoka Kasumulu, anakowasaidia wenye malori kupitisha karatasi zao forodhani. Wiki ile malori yalikuwa yamesimama na mfuko wake umesimama nayo.

"Apelekwe picha," Kisa alisema.

"Amejileta mwenyewe kutoka shambani," Aliko akajibu. "Mfupa umevunjika halafu mtu anatembea?"

"Inawezekana."

"Kisa, gari la kukodi kwa barabara hii na tope hili unaijua bei yake? Halafu nikifika pale, wataniuliza, mke wako si ndiye yule Fizio? Nijibu nini? Kwamba vijana wa watu anawashika mapaja asubuhi mpaka jioni, ila baba yangu hamgusi?"

Neli aliinamia moto kama hakusikia. Kisa alisikia vizuri.

"Basi nimwite Nsajigwa wa Tukuyu. Tulisoma wote. Ni mwanaume, atamshika bila tatizo."

"Nimlipe mwanaume wa Tukuyu aje kumkanda baba yangu, na mke wangu amekaa hapa? Hapo ndipo tutachekwa vizuri."

"Kwa hiyo mimi nisimguse, na mwingine asiguse."

Ni Neli aliyesema, bado ameinamia moto.

"Mwenyewe amesema neno."

"Amesema nini, mama?"

"Amesema mkamwana wake anajua kazi, mji mzima unasema. Kwa hiyo yeye akae dirishani atoe maneno, na Aliko akae ndani atoe mikono. Amesema hivyo anacheka."

Nisikufiche, Kisa alifurahi. Angeweza kukataa. Angeweza kusema kazi yangu ni ya macho, haifanyiki kwa redio. Lakini ilikuwa mara ya kwanza baba mkwe kumtaja kwa kazi yake, na maneno hayo yalimwingia kama uji wa moto asubuhi ya baridi. Akasema sawa.

Dirisha la chumba cha mzee linatazama migombani. Kisa akaweka tofali chini ya ukingo asizame kwenye tope, akasimama. Pazia lilikuwa la maua ya njano. Ndani, Aliko alikuwa amekunja suruali kama mtu anayeingia kuvua.

"Muulize panauma wapi."

"Baba, anauliza panauma wapi."

Halafu sauti ya mzee, ndogo: "Mwambie goti."

"Goti," Aliko akasema.

"Nimesikia. Muulize na huku juu, kwenye nyonga. Na kwa mbele, kwenye..."

Akakwama. Neno analo. Kinena. Kwa wachezaji analitamka kila siku kama anavyotamka chumvi, hakuna anayegeuza shingo. Lakini kulitupa neno lile dirishani, likaingie sikioni mwa baba wa mume wake, ulimi ulikataa.

"Na huko jirani," akamalizia.

"Jirani wapi?"

"Aliko, unajua."

"Baba, na huko jirani je?"

"Huko kuzima," mzee alisema haraka. "Mwambie ni goti tu."

Kwa Tomasi, Kisa hakuliamini goti. Hili aliliamini, maana lililomletea habari lilikuwa pazia, na pazia halina jicho la kupepesa.

"Haya. Mshike kisigino, mkunje goti taratibu. Uso wake ukoje?"

"Kawaida."

"Kawaida ipi?"

"Ya baba."

Wakaendelea siku ile na zilizofuata. Kunja, nyoosha, bana mto chini ya goti, achia. Akina mama wanaokwenda shamba wakajua saa ya kupita.

"Fizio," Maria wa nyumba ya pili alimwita siku moja, jembe begani, "leo dirisha limeteguka wapi?"

"Bawaba, dada Maria."

"Ulikande vizuri, litacheza Jumapili."

Wakacheka wakapita. Kisa alicheka nao, kisha akageukia pazia, masikio yanawaka. Ndani Aliko alikuwa amesikia, na mzee alikuwa amesikia.

Jioni Neli alileta bakuli limefunikwa. "Amesema ndaga fijo, asante sana. Amesema mikono ya Aliko ni ya mpakia mawe, lakini maneno yako yanamsaidia."

"Kweli anapata nafuu, mama?"

Neli aliliangalia bakuli. "Yeye ndivyo anavyosema."

"Na usiku analala?"

"Kula, mwanangu. Kitapoa."

Na kweli mzee akasimama. Kwa fimbo kwanza, halafu fimbo na ukuta, halafu akatoka nje mpaka kwenye migomba na kurudi. Uwanja mzima ukashangilia. Aliko akawa anakohoa kwa majivuno mbele za watu kama yeye ndiye aliyekwenda chuo. Hata mimi nilipopita kuwasalimia nilimwambia mzee, nikiwa namshika mkono, kwamba sasa tumsajili acheze winga. Akacheka. Nilichoona ni jasho juu ya mdomo, nikadhani ni joto la Kyela.

Kisa peke yake ndiye ambaye hakumwona. Mzee akitoka, yeye yuko ndani au mikakaoni. Alichoachiwa ni tope. Asubuhi moja, akifagia uwanja, akazikuta nyayo za mzee kutoka mlangoni mpaka kwenye migomba. Mguu wa kushoto ulikuwa umetazama mbele kama mguu wa mtu. Wa kulia ulikuwa umetazama pembeni, kisigino ndani, vidole nje, tena umekanyaga kwa ncha kama mguu uliopungua urefu.

Alisimama na ufagio mkononi. Alama ile ya nyonga iliyovunjika anaijua. Alifundishwa jina lake, na alifundishwa kwamba ukiiona unaacha mazoezi yote na unaita gari.

Alikwenda mpaka dirishani. Aliko alikuwa ameshaingia.

"Aliko, leo kwanza muulize. Akisimama, anasikia maumivu? Popote. Mwambie popote."

"Baba, anasema ukisimama unasikia maumivu popote?"

"Mwambie hapana," mzee alisema, na sauti yake ilikuwa nyepesi, karibu ya furaha. "Mwambie mji mzima haukukosea. Nimepona. Na lile zoezi la yule kijana wa mpira, la kusimama kwa mguu mmoja, nalo nataka nilifanye."

Kisa akayatazama matope miguuni pake. Akalitazama pazia. Ndani kulikuwa na mtu aliyelipa ada yake, anamsifu kwa mara ya kwanza kwa sauti yake mwenyewe, na nje kulikuwa na nyayo tu. Angesema acheni leo, Aliko angemwambia nini? Kina Maria wangesema nini? Na kama picha ingetoka safi, na gari limeshakodiwa, na mzee ameshasema amepona?

"Basi asimame," akasema. "Mshike kwapani. Mguu wa kulia peke yake. Kidogo tu."

Alisikia kitanda kikilia. Alisikia Aliko anasema, "Niegemee, baba." Kisha akasikia mlio mmoja, mkavu, kama ganda la kakao linapopigwa rungu, na kishindo cha watu wawili kwenye sakafu.

Hakukuwa na kilio. Hilo ndilo lililomtoa Kisa kwenye tofali. Mtu anayelia unajua yuko wapi.

Akazunguka nyumba akikimbia. Mlangoni alikuta Neli amesimama, mikono imeshika miimo huku na huku.

"Usiingie, mwanangu. Yuko kifua wazi."

"Mama, nipishe."

"Atajisikiaje? Ngoja nimfunike kwanza."

"Mama."

Alipita chini ya mkono wa mama mkwe wake, kitu ambacho hata mbwa wa nyumba ile alikuwa hathubutu. Chumba kilikuwa na harufu ya dawa ya kuchua. Aliko alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, kichwa cha baba yake juu ya paja lake, anasema "baba, baba" kama anayejaribu simu isiyo na mtandao. Mguu wa kulia wa mzee ulikuwa umelalia upande wa nje, unyayo umegeukia kitandani, na ulikuwa mfupi kuliko mwenzake. Hakuhitaji picha tena. Hata Maria angeona.

Pembeni ya shingo ya mzee kulikuwa na kitambaa, kipande cha kanga ya zamani, kimekunjwa. Kilikuwa na matundu ya meno. Mengine yalikuwa ya leo, bado yana mate. Mengine yalikuwa yamefuliwa.

Kisa alikiokota. "Hiki nini?"

Akakiinua kuelekea mlangoni.

"Mama, hiki nini?"

"Anakiuma," Neli akasema kutoka mlangoni. "Mkianza tu anageukia ukutani, anakiuma. Alisema asije akapiga kelele ukamsikia. Mimi nilikuwa nafua tu."

"Tangu lini?"

"Tangu mlipoanza."

"Na ulijua panauma wapi."

Neli alishika ncha ya kanga yake akaanza kuisokota. "Aliniambia huko ndiko kunakoungua. Sio goti. Goti alilitaja kwa sababu linatajika. Sasa mimi ningekuambiaje wewe, mkamwana, mambo ya huko kwa baba mkwe wako? Nilijua wewe umesoma, utajua tu."

"Nitajuaje kupitia ukutani?"

"Si ulikuwa unasema kunja, nyoosha," Neli alisema taratibu. "Nikajua unajua."

Kisa akamgeukia Aliko. "Na wewe? Nilikuuliza uso. Kila siku nilikuuliza uso ukoje."

"Nilikuwa nimeshika mguu," Aliko akasema. Machozi yalikuwa yameanza kumtoka na hakuyafuta. "Alikuwa amegeukia ukutani, Kisa. Nilikuwa naona kisogo. Nilisema kawaida kwa sababu kisogo chake kilikuwa cha kawaida."

"Piga simu. Gari lolote. La wagonjwa, la mchanga, lolote. Asimwinue mtu mpaka nimfunge mguu."

"Mfuko wangu..."

"Piga, Aliko."

Aliko akatoa simu, akawa anaitafuta namba huku vidole vinakosea. Nje Maria na wenzake walikuwa wamesikia kishindo. Walisimama migombani, majembe begani, na safari hii hakuna aliyeulizia dirisha.

Kisa akapiga magoti sakafuni. Alihitaji kujua vitu ambavyo mikono peke yake haiwezi kumwambia: kama mzee anavisikia vidole vyake vya mguu, kama kuna mahali pengine palipovunjika, kama kichwa kiligonga. Kwa Tomasi angemtazama tu usoni. Akamtazama mzee usoni. Kumbe ana alama nyeusi chini ya jicho, pale pale ilipo ya Aliko. Kumbe ni mzee sana. Kikohozi chake cha njiani kilikuwa kikimdanganya.

Macho yao yalikutana, kitambo kisichotosha kusalimiana. Kisha mzee akavuta shuka lililokuwa limeanguka naye, akajifunika kutoka kifuani mpaka utosini. Mguu ukabaki nje.

"Baba," Kisa akasema. Neno hilo alikuwa hajawahi kumpelekea mwenyewe bila mtu wa katikati. "Ni mimi. Yameshaharibika, baba, hakuna tena cha kuficha. Vidole unavisikia?"

Shuka lilipanda na kushuka.

"Nikikugusa hapa unasikia?"

Aliko alikuwa ameweka simu sikioni, inaita upande wa pili, naye ameyakaza macho kwenye sakafu. Neli alikuwa amegeuka nyuma, ametazama uwanja.

Kisa akausogeza uso wake mpaka karibu na shuka, akateremsha sauti wale wa nje wasisikie.

"Baba, nakuomba. Niambie wewe mwenyewe panapouma."